"Na mkeo ana miezi mingapi vile?" Leo nimevuliwa nguo mbele ya fundi AC

Wakuu, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Saa nne asubuhi nimeingia ofisini kwa yule bwana. Simtaji. Aliyewahi kuajiriwa Dar hii anamjua: tai inaishia juu ya kitovu, AC nyuzi 16, samaki wabichi unawalaza humo wiki nzima na hawanuki. Nimempelekea barua ya kuacha kazi. Miaka sita namfanyia hesabu zake, sasa nimepata fremu Temeke, nafungua duka la vifaa vya umeme. Mtaji upo.

Kasoma. Kavua miwani. Dada wa mapokezi yupo, mhasibu mwenzangu yupo, fundi AC yupo juu ya ngazi. Akauliza taratibu kama anaulizia bei ya nyanya: "Na mkeo ana miezi mingapi vile?"

Miezi mingapi VILE! Hiyo "vile" ndiyo imeniua. Anajua ni saba. Fomu ya kumwingiza kwenye bima kaisaini yeye! Anajua uzazi wa kwanza ulikuwa wa kisu, anajua mtoto ana pumu, anajua siku ya mwisho kazini narudisha kadi zote tatu za bima.

Fundi kashuka ngazi ili anione vizuri. Miezi mingapi vile, jamani!

Mshahara wake ningeuacha leo leo, hata tarehe kumi haufiki. Nimefungwa na kikadi cha plastiki.

Konda Mstaafu: Pole mkuu. Swali moja tu: barua uliiacha mezani au ulirudi nayo?

Mtoa mada: Hilo siyo la msingi.

Konda Mstaafu: Karudi nayo 😂😂

Bibi Ufuta: Na akasema asante bosi.

Mtoa mada: Sikusema asante. Nilisema "sawa".

Chuma cha Pua: Unalia nini, si ukate bima yako mwenyewe?

Mtoa mada: Nimeuliza. Mimba iliyokwishaingia hawaigusi, kuna muda wa kusubiri. Wakija kulipia uzazi, mtoto atakuwa anaota ndevu.

Bibi Ufuta: Afadhali wewe wa kusubiri. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya mfuko wa taifa, ilikuwa 50,400 kwa mwaka, nikalala usingizi. 2023 wakaja na habari za kuandikisha watoto kupitia shule. Wangu alikuwa na miezi minane. Nimpeleke darasa la ngapi?

Chuma cha Pua: La saba, akafanye mtihani kabisa.

Mwalimu wa Zamu: Sisi wa serikalini nako moto. Asilimia 3 ya mshahara wananikata ya bima, 3 anaweka mwajiri, naruhusiwa mwenza na wategemezi wanne. Watoto watatu, imebaki nafasi moja. Mama yangu ana presha, mama mkwe ana presha. Nishaurini.

Konda Mstaafu: Weka mkwe. Mama atakusamehe.

Bibi Ufuta: Weka mama! Mke anabadilishwa.

Chuma cha Pua: Bibi Ufuta wewe ni mama mkwe wa nani?

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu mzima, mbele ya watu, "miezi mingapi vile"!

Konda Mstaafu: Saba, ulishatuambia.

Mwalimu wa Zamu: Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa. Kwa hiyo mama au mkwe?