Naomba ushauri: nimeitwa Dodoma kwa cheo kikubwa, ila wiki yangu ya Tanga naipenda

Kete ya Mwisho:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, mke na mtoto mmoja wa darasa la tatu. Ni mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa Tanga mjini, huu mwaka wa tisa. Wiki iliyopita bosi kaniita: wanataka nikasimamie stoo kubwa Dodoma, mshahara uongezeke kama theluthi moja. Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi.

Kila niliyemwambia kanipa hongera. Mimi tangu siku ile usingizi wa shida, na sababu yenyewe naona haya kuisema mbele ya kaka zangu, kwa hiyo naileta kwenu. Naipenda wiki yangu.

Asubuhi natoka Makorora na baiskeli, nakunywa chai kwa mama mmoja wa vitumbua ambaye akiniona tu nakunja kona anaanza kumimina. Kazini napenda zaidi siku za kuhesabu mzigo. Ukimaliza rafu nzima, ukafungua daftari, ukakuta idadi inakubali hadi nati ya mwisho, moyo unatulia kabisa.

Jumanne na Alhamisi jioni nipo kijiweni Ngamiani, kwenye barabara za namba, kwenye bao. Ananifundisha mzee mmoja tunayemwita Babu, alikuwa fundi baiskeli. Jumanne iliyopita nyumba yangu, yaani lile shimo kuu, ilishajaa kete 14, nikaingia tamaa nikaisafirisha mapema, nikazigawa kete zake. Nikaliwa. Babu hakunisema. Alizipanga upya kete zote 64, shimo kwa shimo, kama zilivyokuwa kabla sijakosea, akanambia, "Haya, cheza tena." Sijui kwingine ningempata wapi mtu wa kunifanyia vile.

Jumamosi tunakwenda Raskazone na mshipi, mimi, dereva bajaji mmoja na mwalimu mmoja, tumejuana tangu shule. Siku za bamvua maji yanapwa mbali, tunaufuata mwamba kwa miguu kutafuta chambo. Siku za maji mafu, yasipopwa mbali, tunakaa tu na chupa ya kahawa. Tukipata changu watatu wadogo tunagawana mmoja mmoja.

Swali langu: je, namnyima mwanangu kwa kuridhika hivi? Na aliyewahi kuhama, alipata wiki nyingine kama hii alikokwenda? Natanguliza shukrani.

Hesabu Kwanza:
Mkuu, theluthi moja kwenye karatasi ni nzuri. Sasa kaa chini utoe kodi, ambayo wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mbele, shule, na nauli za kuja kuwaona wazazi. Hapo Tanga unapanga au unaishi kwako? Halafu waulize kwa maandishi nani analipia kuhamisha familia na mizigo. Maneno ya mdomoni ya bosi usiyapangie bajeti.

Mama Wawili:
Kaka yangu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Mama wa vitumbua yumo, Babu yumo, mpaka changu wamo. Mkeo umemtaja neno moja, tena pamoja na umri wako. Yeye wiki yake ikoje? Anataka kwenda au hataki? Rudi ukamuulize, kisha uje.

Mpwani wa Muscat:
Ndugu yangu, niko huku tangu 2014. Nilikuwa na barza yangu Unguja, nikaiacha kwa sababu kama hiyo yako. Siwezi kukwambia nimejuta, maana nyumba ya mama nimeijenga kwa pesa ya huku. Lakini umeuliza kama utaipata wiki nyingine. Mimi nimeipata: Ijumaa baada ya swala tunakaa watu sita, Kiswahili mwanzo mwisho, kahawa na tende. Ilinichukua miaka mitatu kuwapata hao sita, na miaka hiyo mitatu ilikuwa mirefu. Nilipokwenda likizo kwetu, kwenye barza walikuwa wamebaki wawili. Lipime na hilo pia, kwamba hata usipohama wewe, wenzio wanaweza kuhama.

Zabibu Tamu:
Karibu Dodoma. Bahari hatuna, ila bwawa la Hombolo lipo, na perege wanavuliwa. Bao utalikuta. Mwezi wa sita na wa saba njoo na sweta, baridi na upepo wa huku mtu wa pwani vinamsumbua.

Kete ya Mwisho:
Wakuu, mrejesho. Mama Wawili, Mungu akubariki. Nilimuuliza jana usiku, mtoto akiwa amelala.

Kumbe jioni zangu za bao ni jioni zake pia. Anatoa mkeka nje, jirani anakuja na kazi yake ya ukili, wanasuka na kuongea mpaka nirudi. Miaka minne nimekuwa nikimkuta pale mlangoni, nikidhani ananisubiri mimi. Akasema hataki kuhama, ila alinyamaza asije akaonekana mke anayemrudisha mume nyuma. Na mimi nilinyamaza nisije nikaonekana mume asiye na malengo. Tulicheka, kisha tukakaa kimya muda mrefu.

Hesabu tumepiga. Hapa tunaishi nyumba ya marehemu baba, kodi hatulipi. Tukitoa kodi ya kule na mengine, kinachobaki ni kidogo sana. Ada ya mtoto tutaitafuta hapahapa, mke ana wazo la kuuza mikeka hiyo.

Sasa naombeni jambo moja la mwisho. Namkatalia vipi bosi bila kumvunjia heshima? Ameniamini.

Hesabu Kwanza:
Usimwandikie kwanza, nenda umwone uso kwa uso. Mshukuru, mwambie mmekaa kama familia mkaona mbaki Tanga. Kisha mwambie uko tayari kwenda hata wiki tatu ukawapangie stoo na daftari, ukamfundishe atakayeshika. Hapo ndipo barua ifuate.

Kete ya Mwisho:
Hilo la wiki tatu sikuliwaza, asante sana mkuu. Nakwenda kumwona Jumatatu asubuhi. Babu bado sijamwambia lolote. Nitamwambia Jumanne, tukishapanga kete.