Ushauri: nyumba ndogo ya zamani kwenye kiwanja kikubwa Mikocheni, tunanunua nyumba au tunanunua ardhi?

Muulizaji

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mume wangu tumepata nafasi ya kununua nyumba ya zamani iliyopo Mikocheni, Dar es Salaam. Kwa kuwa fedha tutakazotoa ni akiba yetu yote pamoja na mauzo ya nyumba yetu ya Kibaha, naomba mnisaidie kuitazama kwa utulivu kabla hatujatia saini popote.

Kiwanja kina upana wa mita 28 na urefu wa mita 50, yaani mita za mraba 1,400, na kina hati. Nyumba yenyewe ni ndogo, mita 9 kwa mita 8: vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, kuta za tofali za saruji na paa la asbesto. Inaanzia mita 20 kutoka getini, imesogea kushoto hadi kubaki mita 3 tu kutoka ukuta wa jirani, na nyuma yake kuna uwanja wa mita 22 wenye miembe miwili mikubwa. Wauzaji ni ndugu watatu waliofiwa na baba yao. Wanataka shilingi milioni 560, na dalali anasema nyumba peke yake ina thamani ya milioni 90, kiasi kinachobaki ndiyo bei ya ardhi.

Mume wangu anaona tubomoe na kuanza upya. Mimi natamani tuhamie humo, kisha tujenge nyuma taratibu kadiri uwezo unavyoruhusu. Tuanze kuangalia nini, na kwa utaratibu gani?

Mthamini wa Kinondoni

Dada, nianze na hizo milioni 90, kwa sababu ndizo zinazowachanganya. Nyumba ya mita za mraba 72, hata tukichukulia kwa mfano kwamba leo ingejengwa mpya kwa shilingi 800,000 kwa mita moja ya mraba, ingegharimu milioni 57.6. Kisha unaondoa uchakavu. Kwa nyumba ya umri huo, ambayo paa, nyaya za umeme na mabomba yake vyote vimefikia mwisho, mimi ningeweza kuondoa asilimia 60, na inayobaki ni kama milioni 23. Kwa hiyo dalali anawauzia nyumba chakavu kwa bei inayozidi hata ya mpya.

Sasa ondoeni hizo milioni 23 kwenye 560, mgawanye kwa mita 1,400: wanawadai takribani shilingi 384,000 kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo mtaani. Tafuteni viwanja vilivyouzwa kweli katika mtaa huohuo, vyenye njia ya aina hiyohiyo na matumizi yaleyale, mlinganishe. Msiridhike na bei zilizobandikwa kwenye matangazo, kwa sababu bei ya tangazo ni ombi la muuzaji. Na mkimwita mthamini, hakikisheni amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.

Fundi Mstaafu

Mimi nimejenga na kubomoa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30, na naomba nitofautiane kidogo na mume wa dada yetu. Katika kiwanja kikubwa, jambo la kwanza ninalolitazama ni mahali nyumba iliposimama, hata kabla sijagusa ukuta. Nyumba ndogo iliyowekwa katikati kabisa inakula kiwanja chote: mbele hapatoshi, nyuma hapafikiki, na hapo kubomoa huwa hakukwepeki. Yenu haiko hivyo. Ikiwa imebanwa kushoto kwa mita 3 na yenyewe ina upana wa mita 9, upande wa kulia mnabakiwa na mita 16, njia ambayo lori la mchanga linapita bila taabu. Nyuma mna mita 22 kwa 28, yaani mita za mraba 616, ambazo ni kiwanja kamili kwa watu wengi wa mji huu. Mnaweza kuishi mbele na kujenga nyuma, kisha nyumba ya zamani ikawa ya wageni au ya kupangisha.

Lakini hilo linategemea iwapo nyumba inabeba miaka mingine kumi. Ingieni darini na tochi. Chomeni kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza kazi. Tazameni sehemu ya chini ya kuta: plasta inayotoka unga mweupe na kubanduka kila inapopigwa rangi ni dalili ya chumvi, ama kutoka kwenye mchanga uliotumika ama kutokana na unyevu unaopanda kutoka msingini, na rangi mpya haiponyi ugonjwa huo. Nyufa nyembamba za plasta zisiwatishe. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaokata lenta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, huo mwiteni mhandisi.

Kuhusu asbesto, nawasihi sana. Ikiwa nzima na haijaguswa, haina hatari kubwa ya haraka. Hatari ni vumbi lake linaloingia mapafuni inapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa kwa nyundo, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Msiwaache vijana waiangushe kama mabati. Hulowekwa maji, hushushwa ikiwa nzima, wafanyakazi wakiwa na barakoa zinazofaa, na hutupwa mahali palipoidhinishwa. Gharama hiyo iwekeni kwenye mazungumzo ya bei, iwe mnabomoa au mnahifadhi.

Jambo la mwisho: waulizeni wenye nyumba mashimo ya choo yako wapi, na msikubali kuonyeshwa moja. Nyumba za zamani shimo likijaa lilifukiwa na kuchimbwa jingine. Nilishawahi kumjengea mtu msingi, kona moja ikatitia kwenye shimo ambalo hakuna aliyelikumbuka, na tukalazimika kuivunja kona nzima.

Jirani wa Bonde

Nimeishi Mikocheni. Nendeni mkakitazame kiwanja wakati wa masika, siku ya mvua, na muulize majirani maji hufika wapi. Kama kiko karibu na mto Mlalakuwa au mto mwingine, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Uwanja wa nyuma unaweza kuwa mkubwa machoni na usijengeke.

Muulizaji

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimepiga simu kwa wauzaji. Mashimo ni mawili, la zamani liko chini ya mwembe wa kulia. Hati bado ina jina la marehemu baba yao. Ni ya miaka 33, ilianza mwaka 1995. Kaka mkubwa anasema yeye ndiye msimamizi kwa makubaliano ya kikao cha ukoo.

Wakili wa Ardhi

Dada, simameni hapo kwanza. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza mtu, lakini anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Ombeni barua ya uteuzi, mkaithibitishe katika mahakama iliyoitoa, kisha msimamizi aingizwe kwenye daftari la Msajili wa Hati ndipo awe na uwezo wa kuwahamishia. Ulizeni pia kama mama yao yu hai, kwa kuwa haki yake katika nyumba hiyo haifutiki kwa watoto kuelewana.

Pili, hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inafikia ukomo mwaka 2028. Hilo halikutajwa na dalali, nalo lina uzito kuliko mchwa wote wa darini. Miliki huhuishwa, ila mwenye kuomba hutazamwa kama amelipa kodi ya pango la ardhi na ametimiza masharti ya hati. Fanyeni upekuzi rasmi wa hati kwenye daftari la Msajili, mjue kama kuna rehani, zuio au deni la pango, na masharti ya matumizi yanasemaje. Ni vyema kuhuisha kuwe sharti la mkataba, na sehemu kubwa ya fedha isitoke mpaka likamilike.

Kama mnawaza kukigawa kiwanja baadaye, ulizeni sasa kwenye manispaa. Kuwepo kwa nafasi hakumaanishi kibali kipo.

Muulizaji

Nimemwambia dalali kwamba hatutatoa hata fedha ya kushikilia mpaka tuone barua ya mahakama. Jumamosi tunakwenda na mpima ardhi kuzitafuta bikoni zote nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na mume wangu amekubali kuingia darini mwenyewe na bisibisi.