Kitabu cha hadithi chenye picha, kurasa 16: zipangwe vipi?

Mama Ujiji: Habari zenu wakuu. Nataka kuchapa hapa Kigoma hadithi ya Sungura na Fisi, saizi A5, kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Stesheneri wanasema kurasa zitavurugika. Kwa nini?

Fundi Karatasi: A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, hivyo 16 ni karatasi 4. Ya nje inabeba 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13, na kuendelea. Kila jozi ijumlishe 17; isipofika hapo, kuna kosa. Kwenye printa chagua kugeuza kwa ukingo mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini.

Karatasi ya gramu 80 huonyesha picha ya upande wa pili. Tafuta 100 au 120, jalada liwe manila. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo: ifungue, weka boksi chini, piga pini 2 kutokea nje, kisha kunja miguu yake kwa kijiko. Punguza kingo baada ya kubana, maana karatasi za ndani hujitokeza.

Bibi Simulizi: Usisahau hadithi yenyewe! Swali, mfano "Fisi alikuta nini mtumbwini?", likae ukurasa wa kulia, jibu liwe nyuma yake, mtoto afunue mwenyewe. Na Fisi wa ukurasa wa 3 afanane na wa 11. Watoto wanaona.

Mama Ujiji: Asanteni sana. Manila ndani ya printa haikwami?

Fundi Karatasi: Hukwama. Ingiza moja moja kwa trei ya nyuma.