Naomba ushauri: banda la gemu Ngamiani, nilipie kwa mwezi au ninunue diski?

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Banda lina mashine nne, na wateja karibu wote wanataka mpira. Naomba mnisaidie hesabu.

Game Pass, kifurushi cha Microsoft cha kucheza gemu nyingi kwa malipo ya mwezi, ilianza 2017 kwa dola 9.99. Oktoba 2025 Ultimate, daraja lake la juu, ikapanda Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99. Kwa bei hiyo, mwaka ulikuwa dola 360 kasoro senti 12, yaani gemu tano mpya za dola 70 na chenji inabaki. Kupanda huko kunanitia shaka kama biashara yenyewe inajiendesha. Microsoft huweka gemu zake nyingi humo siku ileile zinapotoka, sasa nani atanunua diski? Sony, wenye PlayStation, kwa kawaida haifanyi hivyo kwa gemu zake kubwa.

Halafu EA Sports FC, gemu ya mpira, hutoka Septemba, kwenye vifurushi huingia miezi kadhaa baadaye, na vijana wa hapa wanataka kucheza na usajili mpya wa wachezaji wiki ya kwanza. Ukiacha kulipa kifurushi, gemu zinajifunga. Masharti nayo yanasema matumizi binafsi, si biashara. Diski hukwaruzika, ila walau inauzika.

Mliojaribu vyote viwili, kifurushi kinalipa kwa gemu zipi? Na bando la kupakua GB 50 na zaidi mnalimudu vipi bila kula faida?