Matela ya ng'ombe kwa bei ya jumla: tuagize China au tuchomelewe hapa?

Mnada wa Kizota
Ndugu zangu, salaam. Sisi ni wafanyabiashara watano tunaonunua ng'ombe minadani Shinyanga na Singida na kuwauza Pugu, Dar es Salaam, na miaka yote tumekuwa tukikodi maroli ya watu. Sasa tumeamua kuchanga na kununua matela sita kwa mkupuo, kwa kuwa kiwanda kimoja cha Liangshan, katika jimbo la Shandong nchini China, kinatupunguzia bei kuanzia tela la tano. Tela lenyewe lina ekseli tatu, urefu wa mita 12.5, na uzio wa chuma uliochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi. Fundi wetu wa hapa Dodoma ana bei ya juu zaidi, wala hapunguzi kitu hata tukichukua sita. Je, punguzo la kiwandani hubaki na maana mzigo ukishatolewa bandarini?

Wakala wa Forodha
Ndugu, kabla ya kulifurahia punguzo, muulize mwuzaji kama bei yake inaishia bandari ya kwao au inafika Dar es Salaam. Meli za magari hutoza nauli kwa mita za ujazo, na hapo ndipo uzio wa kuchomelewa utakapowaumiza. Tela la mita 12.5 kwa 2.5, ambalo uzio wake unafika mita 3.6 kutoka chini, linahesabiwa mita za ujazo zaidi ya 112, ilhali lote ni hewa tupu. Likiwa tambarare, yaani sakafu tupu bila uzio, lenye kimo cha mita 1.6, linashuka hadi 50, tena matambarare hupakiwa moja juu ya jingine. Isitoshe, VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli, bima na ushuru, hivyo hewa mliyoilipia nauli mtailipia na kodi. Msidhani kontena litawaokoa, kwani upana wa ndani wa kontena la futi 40 ni kama mita 2.35, na tela la mita 2.5 haliingii bila kufunguliwa.

Fundi Bodi
Naongeza jambo ambalo muulizaji hakuligusa: tela likishashusha ng'ombe Pugu, litarudi Shinyanga na nini? Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 300 anahitaji zaidi kidogo ya mita moja ya mraba ili asimame vizuri, kwa hiyo sakafu ya mita za mraba 30 inabeba ng'ombe 27 hivi, yaani tani nane tu. Kundi la ekseli tatu linaruhusiwa tani 24 katika sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Kama mnabeba ng'ombe peke yao, ekseli mbili zinatosha, na ya tatu itakuwa ya kula matairi. Kama mtarudi na saruji au mbolea, ekseli tatu zina kazi, lakini basi uzio lazima ufunguke.

Sakafu nayo ni mtihani. Chekeplate, yaani bati la chuma lenye vinundu, ikishapata kinyesi huteleza kama sabuni, nasi huchomelea nondo juu yake ili kwato zishike, lakini nondo hizo hizo huchana mifuko ya saruji. Mimi hutengeneza fremu za nondo zinazotolewa. Pia dai mageti ya kugawanya tela walau sehemu tatu, maana bila hayo, mkipanda mlima wa Sekenke ng'ombe wote watasukumana nyuma, na atakayelala chini atakanyagwa.

Msafirishaji wa Isiolo
Huku kwetu kaskazini mwa Kenya lori hupanda Marsabit na Moyale na bidhaa za dukani na kushuka na mifugo, na sijaona anayedumu kwa kubeba mifugo pekee. Kwa mbuzi, tunaweka sakafu ya pili ya kutolewa.

Mnada wa Kizota
Nawashukuru sana, wakubwa. Nimewarudia wenzangu, na tumekubaliana kuomba bei mpya ya matela sita tambarare yenye ekseli tatu na matundu pembeni ya kusimamishia nguzo za uzio, kisha uzio, mageti na fremu vitengenezwe hapa Dodoma. Kiwanda kinataka asilimia 30 ya malipo ya awali na 70 kabla ya kupakia melini.

Wakala wa Forodha
Hiyo 70 msiitume kabla mkaguzi wenu hajayaona matela na cheti cha ubora kinachotakiwa na TBS, shirika la viwango la Tanzania, hakijatoka. Hakikisheni pia kwamba kila tela lina namba yake ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na inayolingana na hati za meli, kwa sababu hapa kila tela husajiliwa kivyake, na namba ikitofautiana kwa tarakimu moja tu, tela litakaa bandarini huku gharama za kulihifadhi zikipanda kila siku.