Kodi ya jengo kwenye LUKU: anayelipa ni mpangaji, je halmashauri inabaki na nini?

Wakuu, nyumba niliyopanga Tabata, Dar, tuko kaya nne kwenye mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Ikifika tarehe mosi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme, maana wa kwanza ndiye anayekatwa kodi ya jengo ya mwezi. Unaweka 5,000, kodi ya jengo inachukua 1,500, unabaki na umeme wa 3,500. Sasa jaribu kuwagongea wenzako milango ukidai 375 kwa kila kaya, uone utakavyoitwa.

Mwenye nyumba? Yuko Kibaha, hana habari. Serikali ilisema tangu mfumo huu uanze Agosti 2021 kwamba mlipaji ni mwenye nyumba, mpangaji akikatwa adai arudishiwe. Nilidai mara moja. Nikajibiwa, "Mwanangu, kama nyumba imekushinda sema."

Lakini hoja yangu siyo hiyo 1,500. Hoja yangu ni kwamba kodi hii imeacha kuwa kodi ya jengo. Imekuwa tozo ya mita.

Angalieni viwango. Mwaka 2021 tulianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 ikapanda: 1,500 na 7,500. Maana yake bangaloo la Masaki lenye bwawa la kuogelea na bustani ya kuchezea mpira linalipa 18,000 kwa mwaka, sawasawa na vyumba vinne vya Mbagala. Na aliyebanwa na kiwanja Manzese akapandisha juu, sakafu moja tu inamgharimu 90,000, mara tano ya yule wa Masaki! Jengo halithaminiwi, linahesabiwa tu.

Najua watakaonijibu. Halmashauri zilikuwa na kodi hii mikononi kabla ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kuichukua 2016, zikashindwa. Ni kweli, siwatetei. Daftari la majengo lilikuwa limepitwa na wakati, bili inakuja kwa jina la marehemu, na mkusanyaji anayekuja na kitabu cha risiti mkononi mnamjua wenyewe. LUKU imemaliza hayo yote, haina foleni wala haina kujuana.

Ila imeondoa kitu kingine. Hapa kwetu mtaro wa mtaa umejaa tope tangu masika. Tukienda kwa mwenyekiti wa mtaa anasema halmashauri haina fungu. Diwani naye anasema hivyo hivyo, na safari hii namwamini, kwa sababu kodi inakwenda Hazina kwanza, yeye anasubiri kupangiwa. Sasa nimkabe kwa lipi? Taka tunamlipa mkandarasi pembeni.

Nairobi wana njia yao: wanatoza ardhi, siyo nyumba. Walikaa na daftari la thamani la 1982 karibu miaka arobaini, halafu 2022 wakaingia kwenye daftari jipya na kutoza asilimia 0.115 ya thamani ya kiwanja. Kelele zilipigwa, tena nyingi. Lakini mwenye kiwanja kitupu katikati ya mji naye anaguswa. Kwetu pagale lisilo na mita halikatwi na LUKU, sasa nani analifuata?

Mimi nasema LUKU ibaki kama njia ya kukusanyia, sina ugomvi nayo. Kiwango kipangwe kwa thamani na eneo, uthamini ufanywe na halmashauri, na fedha iingie moja kwa moja kwenye akaunti yake, ili diwani akija kuomba kura tumuulize mtaro.

Wenye nyumba mliopo hapa, yuko aliyewahi kumrudishia mpangaji 1,500 yake bila kuombwa? Na mliofanya kazi halmashauri kabla ya 2016, mkirudishiwa kodi hii leo mtaanza na mtaa gani, Masaki au Mbagala?