Tupeane uzoefu: bendi kongwe ya rock uipendayo ikirudi jukwaani baada ya miaka mingi

NyuziSita
Wadau, tangu Oasis, ile bendi ya rock ya Uingereza, warudi Julai 2025, miaka 16 baada ya kuvunjika, kila mtu anadai na bendi yake irudi. Haya, ikirudi tutegemee nini? Naanza na nyuzi. Wimbo ule ule mtausikia uko chini kidogo, na si masikio yenu. Magitaa yameshushwa nusu toni ili mwimbaji asikwame juu. Zinalegezwa nyuzi zote sita, vidole vinabaki palepale. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe tu. Tatizo ni kwamba uzi uliolegea unagonga vyuma vya shingo ya gitaa. Anayejua kazi yake anatoa nyuzi nyembamba, namba 9, na kufunga nene kidogo, namba 10. Mkisikia gitaa linachakarika kama kopo lenye misumari, fundi kasahau hilo.

MzeeSanturi
Kushusha ki, yaani kimo cha wimbo, ni kumwibia mtazamaji. Noti imekushinda, pumzika.

MamaBesi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Nyuzi za sauti za kooni hupoteza mnyumbuko kadiri umri unavyokwenda, na noti za juu ndizo huaga kwanza. Bora nusu toni chini kwa sauti ya mtu mwenyewe kuliko ki ya zamani huku kiitikio kinatoka kwenye kompyuta. Kipimo ni rahisi: mtazame mwimbaji kipaza kinapomtoka mdomoni. Sauti ikibaki vilevile, haitoki kwake.

ChuraWaNyuma
Hapo kwenye kipaza 😂😂 umemaliza.

FundiMikisa
Mnabishana ki, wakati watu wanaharibikiwa na pa kusimama. Mnaokimbilia uzioni, pale mbele kabisa ya jukwaa: spika kubwa zimening'inizwa juu na kuelekezwa nyuma yenu, zinawapita kichwani. Hapo mnasikia amplifaya za magitaa na drams, mwimbaji anamezwa. Nendeni kwenye mikisa, ile meza ya fundi sauti katikati ya watu, hatua chache mbele yake, usawa wa katikati ya jukwaa. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa hapohapo. Mkisogea pembeni, besi za kushoto na kulia zinaanza kufutana: hatua chache tu, tumbo halitetemeki tena.

Uwanjani kuna jambo jingine. Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiwa mita 100 nyuma, pigo la drams linakufikia karibu theluthi ya sekunde baada ya fimbo kugusa ngozi. Ndiyo maana ya ile minara ya spika katikati ya watu: imecheleweshwa kwa makusudi, iende sawa na sauti ya mbele. Ukikaa ubavuni mwa mnara unasikia kila neno mara mbili, halafu unailaumu bendi kwamba imezeeka.

ChuraWaNyuma
Mimi ni wa uzioni hadi kiama.

Dk_Sikio
Basi wa uzioni vaa viziba masikio. Kwa desibeli 100 kiwango salama cha siku ni dakika 15. Onyesho la saa mbili ni dozi ya siku nane kwa usiku mmoja. Vile vya sponji: visokote vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia nusu dakika vivimbe. Wengi wanavichomeka nusu halafu wanasema havifanyi kazi. Sponji hula sauti nyembamba kuliko nene, muziki unakuwa wa chini ya blanketi. Vyenye kichujio cha muziki vinapunguza kwa usawa zaidi.

MzeeSanturi
Rock na viziba masikio. Tumekwisha.

Dk_Sikio
Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, aliachia ziara katikati mwaka 2016 kwa sababu ya masikio, mzee. Muulize yeye.

Kinubi77
Jamani, mmenikumbusha Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025. Bendi ya Black Sabbath, wale wanne wa mwanzo, mwimbaji Ozzy, mpiga gitaa Iommi, Butler na Ward, pamoja kwa mara ya kwanza tangu 2005. Ozzy, ugonjwa wa Parkinson umemkamata, anapandishwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Hawezi kusimama. Anajiinua kwa mikono, makalio yanaacha kiti, yanarudi. Macho ni yaleyale. Bendi ikapiga nyimbo nne tu. Siku 17 baadaye akafariki.

MamaBesi
😭 Kile kiti.

ChuraWaNyuma
Uzi umebadilika kuwa msiba. Ila mtu akisema "wangestaafu mapema" tugombane.

MzeeSanturi
Sabbath wale walikuwa wenyewe. Siyo bendi amebaki mmoja, wengine vijana wa kukodi.

NyuziSita
Rolling Stones bila Charlie Watts, mpiga drams wao wa zamani, si Stones? Steve Jordan anakaa kwenye drams tangu 2021 na pigo linatembea. Na mzee, kwa kuwa umewataja Sabbath: Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana, akajitengenezea vifuniko, na albamu yao ya 1971 ina nyimbo zilizoshushwa toni moja na nusu, uzi ulegee asiumie. Nani aliyemwambia apumzike?

MzeeSanturi
Hiyo ni tofauti.

NyuziSita
Tofauti ipi?

Kinubi77
Kwa wanaosimama kwa muda wa saa nne kabla onyesho halijaanza: msikaze magoti, damu inatuama miguuni na mtu anadondoka. Pandisheni visigino mara kwa mara. Akidondoka, mlazeni chali, miguu juu. Msukumano ukija, mikono ikunjwe mbele ya kifua pumzi ipate nafasi, mtoke kwa mshazari unapolegea, msishindane nao.

ChuraWaNyuma
Na chooni mwende wakitangaza "wimbo wa albamu mpya".

MamaBesi
Hapana, nendeni kwenye solo ya drams. Ndiyo ndefu.

FundiMikisa
Solo ya drams ndiyo pumziko la mwimbaji, mheshimuni.

Gita_Mbao
NyuziSita, namba 11 kwa nusu toni vipi?

NyuziSita
Ngumu kuvuta kwenye solo. Subiri washuke toni nzima.